Darubini ya 8x42 au 10x42: ipi ichukue pesa yako?

Waongoza watalii hawaishi kubishana hili. Namba ya kwanza, 8x au 10x, ni mara ambazo picha inakuzwa; 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Bei haiamui kitu. Kwa toleo lilelile, 10x huzidi kidogo tu.

Kesi yenyewe ni mwanga. Gawa 42 kwa 8, unapata milimita 5.25, upana wa mwanga unaofika jichoni. Kwa 10 unabaki na 4.2. Jua likiwaka huoni tofauti, lakini alfajiri ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke, 8x inakupa rangi ya ndege huku 10x ikikupa picha yenye giza zaidi. Tena 8x inaona eneo pana zaidi, kwa hiyo ndege mrukaji hakupotei ovyo.

Serengeti mambo hugeuka. Duma akiwa juu ya kichuguu mbali huko, 10x ndiyo itakayokuonyesha kama ana watoto. Ila mtetemo wa mkono nao unakuzwa mara 10: egemeza viwiko kwenye paa la gari, na dereva azime injini. Mkono wako ukitetemeka, baki na 8x hata mbugani.

Utunzaji ni uleule: puliza vumbi kwanza, ndipo ufute.

Mvaa miwani, jaribu darubini dukani ukiwa umevaa miwani yako. Baadhi ya 10x hukata kingo za picha.