Mfuko wa Hati Fungani wa UTT AMIS kwa anayesomesha watoto na kutunza wazazi

Mtu wa miaka arobaini na kitu, mwenye watoto sekondari na wazazi kijijini, ana matumizi ya aina mbili. Yapo yenye tarehe: ada shule zikifunguliwa, dawa za presha za mama kila mwisho wa mwezi. Na yapo yanayokuja kwa simu ya usiku. Mfuko wa Hati Fungani wa UTT AMIS, taasisi ya serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ulianza mwaka 2019 na unayamudu vizuri sana hayo ya kwanza. Kwa ya pili haufai, na ukiutegemea huko utakwama.

Fedha zake zinawekezwa zaidi kwenye hati fungani, yaani mikopo inayolipa riba, hasa za serikali. Mwangalizi wa mfuko, anayetunza mali zake, ni Benki ya CRDB na msimamizi wa sekta ni Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Unaanza na shilingi 50,000 kwenye mpango wa kukuza mtaji. Ukitaka gawio la kila miezi sita uwe na milioni 5, na gawio la kila mwezi milioni 10. Hukatwi ada ya kuingia wala ya kutoka, na hilo ni jambo kubwa kwa mtu anayechangia kidogo kidogo.

Gawio la kila mwezi ndilo linaloupa mfuko huu thamani kwa mlezi wa pande mbili. Tuchukulie faida ya asilimia 12 kwa mwaka, kwa ajili ya hesabu tu: milioni 10 inatoa kama 100,000 kwa mwezi. Hiyo inatosha dawa na sukari ya nyumbani bila kugusa mshahara. Kuifikia milioni 10 kwa kuweka 250,000 kila mwezi kwa kiwango hichohicho huchukua miezi kama 34, ilhali ukiziweka nyumbani bila faida ni miezi 40. Kwa hiyo anzia kwenye kukuza mtaji, acha faida ijizalishe, uhamie kwenye gawio kiasi kikitimia.

Kosa linalowaumiza watu ni kuchukua gawio lote mwaka hadi mwaka. Vipande, yaani sehemu zako ndani ya mfuko, vinabaki vilevile, bei ya dawa inapanda, na laki moja ya leo haitanunua dawa zilezile baada ya miaka kumi. Endelea kununua vipande hata baada ya gawio kuanza, ijapokuwa kwa 20,000 kwa mwezi. Tena usipange maisha kwa kiwango cha mwaka mmoja. Aprili 2022 riba ya hati fungani mpya za serikali za miaka 20 ilishushwa kutoka asilimia 15.49 hadi 12.10, mfuko unaonunua hati hizo hauwezi kukwepa mabadiliko kama hayo. Na hii si amana ya benki, hivyo Bodi ya Bima ya Amana haihusiki.

Simu ya usiku inahitaji Mfuko wa Ukwasi, wa hapohapo UTT AMIS: unaanza na 100,000, nyongeza ni kuanzia 10,000, na ukiuza vipande malipo huja ndani ya siku tatu za kazi. Siku za kazi, zingatia hilo. Ombi la Ijumaa jioni unaweza kulipwa Jumatano, na hospitali inataka malipo ya awali leo. Kwa hiyo hela ya dharura ya siku chache za mwanzo ikae benki au kwenye simu, iliyobaki ndiyo iende Ukwasi. Bima ya afya ya wazazi itangulie yote haya. Hakuna mfuko wa uwekezaji unaohimili gharama za upasuaji.

Kuhusu akaunti iwe ya nani, ushauri wetu una msimamo: fedha ya kutunza wazazi isiandikwe kwa jina la mzazi peke yake. Akipoteza fahamu, kuuza vipande kunahitaji idhini yake, na wewe unayelipa huna mamlaka. Iandike kwa jina lako, au fungua ya pamoja na ndugu mnayechangia naye, mkikubaliana mapema nani anaruhusiwa kutoa.

Kujiunga kunahitaji namba ya NIDA, picha na akaunti ya benki. Kinachokwamisha mara nyingi ni majina: NIDA inasema hivi, benki inasema vile, herufi moja tu imepishana, na siku ya kuuza vipande malipo yanarudi. Linganisha kadi hizo mbili kabla hujaweka shilingi. Mweleze pia mwenza wako akaunti ipo na namba yake ni ipi. Ukifariki, familia itahitaji cheti cha kifo na msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama ndipo ifuatilie vipande, na haiwezi kufuatilia isichokijua.