Mfuga nyuki unaanza sabuni: haya ndo mafuta ya kununua, nimeyapanga kuanzia bora

Kuna kitu huku Tabora kinaniuma kila msimu wa kurina. Watu wanakamua asali vizuri kabisa wanaweka kwenye ndoo, halafu masega yanarundikwa nyuma ya nyumba mpaka nondo wa nta wanayamaliza. Hiyo nta ni hela jamani, na njia mojawapo nzuri ya kuitumia ni sabuni ya kipande, ile ya kuogea, yenye nta na asali yako mwenyewe.

Ila tuelewane mapema. Sabuni haitengenezwi na nta, inatengenezwa na mafuta pamoja na kostiki soda, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Kwenye kilo nzima ya mafuta nta inaingia gramu 20 tu, ukizidisha sana povu linakufa na kipande kinakuwa kama mshumaa. Kwa hiyo kitu ulichonacho bure ndo kinachoingia kidogo, hela yako inaenda kwenye mafuta, na hapo ndipo wengi wanaharibu kwa kununua chochote kilichopo dukani.

Kabla hujagusa mafuta nunua mizani. Ya kidijitali ya jikoni, isome gramu moja moja, na hapo sikubembelezi, kama hela inatosha kitu kimoja tu basi mizani ndo iwe ya kwanza mafuta yasubiri. Kila mafuta yana kiasi chake cha kostiki: gramu 100 za nazi zinakula kama gramu 18.3, mawese 14.1, alizeti 13.4, nta yenyewe 6.9. Sasa ukipima kwa kikombe, au ukibadili mafuta bila kubadili hesabu, kostiki inabaki ndani ya sabuni na mtu anaoga nayo, ngozi inachubuka, mtoto analia, na jina lako la asali uliyolihangaikia miaka yote linaingia humo humo.

Haya, mafuta.

Namba moja kwangu ni mawese. Yanatoa kipande kigumu kisichoyeyuka kwenye kisahani, bei yake inavumilika, na sisi wa Tabora tuna bahati maana Kigoma ndo nyumbani kwa mawese na treni inatuunganisha. Mawese mekundu ambayo hayajasafishwa yanafanya sabuni iwe ya njano ya machungwa, wengine hawaipendi ila ukichanganya na asali inakuja rangi moja nzuri sana ya karameli, mimi siigusi na rangi nyingine yoyote. Angalia tu yasiwe yamechacha, nusa kabla hujalipa, mawese yaliyochacha harufu yake haifichwi na asali wala nini.

Namba mbili nazi. Nazi ndo povu. Bila nazi utapata sabuni ngumu nzuri lakini mteja atasugua mpaka achoke, na watu wetu bila povu wanaona hawajaoga. Ila nazi peke yake inakausha ngozi, isizidi kama robo ya mafuta yako yote, labda theluthi. Kama uko Tanga, Mafia, Unguja au Kilifi basi unayo mlangoni. Sisi wa bara tunauziwa kwa bei ya juu na hapo ndo wajanja wanaingia. Mimi niliwahi kununua dumu gulioni naambiwa ni nazi tupu, ilikuwa mwezi wa saba, usiku baridi kweli kweli, asubuhi nafungua dumu naona mafuta yanacheza kama maji. Nazi halisi ikishuka chini ya nyuzi 24 inaanza kuganda inakuwa nyeupe, kwa baridi ile ilitakiwa niichote kwa kijiko. Nilikuwa nimeshatengeneza bechi moja kwa mafuta hayo kwa hesabu ya nazi, yaani kostiki ya nazi kwenye mafuta ambayo sio nazi, sabuni yote niliizika. Kwa hiyo ukinunua nazi weka kidogo kwenye chupa, iache usiku mzima sehemu ya baridi, uione imeganda ndo urudi kuchukua dumu.

Nazi ikiwa mbali au bei imepaa, chukua mafuta ya mise, yale ya kokwa la mchikichi. Kazi yake inafanana sana na nazi kwenye povu. Kostiki yake ni pungufu kidogo kuliko ya nazi kwa hiyo piga hesabu upya.

Namba tatu alizeti. Ipo kila kona, Singida na Dodoma wanakamua, bei rafiki, na inaifanya sabuni iwe laini kwa ngozi. Lakini ni msaidizi tu. Ukiipa nafasi kubwa kipande kinakuwa laini kinabonyea na kikikaa miezi kinatoa madoa ya rangi ya machungwa na harufu ya mafuta ya zamani. Robo inatosha.

Namba nne mafuta ya ng'ombe. Kiukweli kwa ugumu wa kipande yanashindana na mawese kabisa, na kama kuna bucha karibu unaweza kuyapata kwa hela ndogo ukayayeyusha na kuyachuja mwenyewe. Nimeyaweka chini kwa sababu mbili, harufu yake inapigana na ya asali hasa kama hayakuchujwa vizuri, halafu sio kila mteja anayataka kwenye ngozi yake, wengine ni mambo ya imani. Ukiyatumia mwambie mteja wazi.

Mwisho mzeituni. Ni mafuta mazuri sana sikatai, ila kwetu yanatoka nje ya nchi, chupa ndogo bei kubwa, na sabuni yake inataka miezi ndo ikomae. Anayeanza aachane nayo.

Mchanganyiko wangu kwa kilo moja ni huu: mawese gramu 500, nazi 250, alizeti 230, nta 20. Kostiki gramu 141, hapo nimeshapunguza asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki kulinda ngozi. Maji gramu 300. Asali kijiko kimoja cha chakula, basi.

Kostiki yenyewe, hakikisha imeandikwa sodiamu haidroksaidi, maana ile ya potasiamu inatoa sabuni ya ute ute. Nunua iliyofungwa, tikisa mfuko usikie inacheza kavu. Ikiwa imeshikana madonge ujue imeshavuta unyevu, gramu unazopima nyingine ni maji. Halafu sufuria zetu hizi za aluminiamu usizitumie kabisa, kostiki inazila na inatoa gesi inayowaka. Tumia chuma kisichoshika kutu au ndoo ya plastiki ngumu, vaa glavu na miwani, kaa nje penye hewa, na siku zote ni kostiki ndani ya maji, usimwagie maji juu ya kostiki.

Nta inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi, kwa hiyo iyeyushe pamoja na mafuta na uyaache yakiwa na joto hilo hilo unapochanganya na maji ya kostiki. Mara ya kwanza niliacha mafuta yapoe kama wanavyofanya wasiotumia nta, nikaona vidoa vyeupe vimejaa kwenye sabuni, ilikuwa nta imeganda kabla haijakutana na kostiki. Ukichanganya kwa moto inashika haraka, kwa hiyo vyombo vya kumiminia viwe tayari pembeni.

Asali inaingia mwishoni, ule uji wa mafuta na maji ya kostiki ukishaanza kuwa mzito, iwe imeyeyushwa kwenye maji kidogo uliyoyatoa kwenye zile gramu 300. Usiizidishe kwa sababu eti unayo nyingi. Sukari inapandisha joto, mimi niliweka vijiko vinne nikafunika na blanketi, baada ya nusu saa sabuni imepasuka katikati, inatoka mvuke na uji wa kahawia unapanda juu na nyumba nzima inanuka sukari iliyoungua. Siku hizi yenye asali siifuniki, naiweka kivulini penye upepo.

Kwa kukata, sabuni yenye nta usiichelewe. Mimi nakata baada ya saa 18 hivi, bado kisu kinapita vizuri, ukiiacha mpaka kesho kutwa inameguka pembeni. Halafu vipange kwenye chanja viachiane nafasi, wiki 4 hadi 6 ndo uanze kuuza.