Acarajé ya Rio Vermelho, Salvador: nyota nne, foleni nyota moja

Jamani ukifika Salvador, kule Bahia, Brazili, achana na chakula cha hotelini jioni. Shuka Rio Vermelho, mtaa wa baharini, utawaona akina mama wamevaa magauni meupe ya marinda na vilemba, mbele yao meza na sufuria la mawese yanachemka, hao ndo baiana na wanachouza ni acarajé. Meza niliyokula siitaji jina maana nina la kulalamika, ila chakula chenyewe hakina kosa.

Mtu wa Pwani nikimwambia ni bajia za kunde ataelewa fasta, ila hii moja inajaza kiganja na inakaangwa kwa mawese, kwa hiyo watu wa Kigoma na Kongo harufu mtaijua kabla hamjafika. Kunde zinalowekwa, zinamenywa maganda, zinasagwa na kitunguu, halafu mama anaipiga ile rojo kwa mwiko mpaka inajaa hewa, hapo ndo siri ilipo, asipoipiga vizuri unakula jiwe. Ikitoka nje imekauka vizuri, ndani nyeupe laini. Anaipasua kwa kisu anajaza vatapá, yaani rojo nzito ya mkate, tui la nazi, korosho, karanga, tangawizi na kamba wakavu, mimi ningekula hiyo peke yake na kijiko. Kisha caruru ya bamia (imepooza kidogo), kachumbari na kamba juu. Kamba wenyewe wana maganda na vichwa, wenyeji wanatafuna tu, mimi nilikuwa natema pembeni. Pilipili atakuuliza, omba kidogo, malagueta haina utani.

Sasa malalamiko. Foleni haina mpangilio kabisa, anayejuana na mama anapita, na yangu ilikuwa imekaangwa kitambo ikapoa, kumbe unatakiwa useme unataka ya moto kutoka kwenye sufuria. Tishu wanakupa moja nyembamba wakati mafuta yanashuka mpaka kwenye kiwiko.

Ila ukijua ilikotoka unavumilia. Ililetwa na Wayoruba waliopelekwa Brazili utumwani, Nigeria mpaka leo wanaila asubuhi wanaiita akara, na wapo wanawake waliouza vyakula mitaani wakakusanya hela ya kujikomboa. Kwenye Candomblé, dini ya Brazili yenye asili ya Afrika, ni chakula cha Iansã, mungu wa kike mwenye upepo na dhoruba, ndo maana yale mavazi si ya kupigia picha watalii. Mwaka 2005 serikali ikaisajili kazi ya baiana kuwa urithi wa taifa. Halafu mpira ulipokuja, Kombe la Mabara 2013 na Kombe la Dunia 2014, sheria za FIFA zikawa zinawaweka mbali na uwanja wa Fonte Nova, akina mama wakaandamana mpaka wakapewa nafasi ya kuuza. Safi sana, ungeniuzia hotidogi Bahia ningekasirika.

Usiyependa vya kukaanga agiza abará, kunde zilezile ila zimefungwa kwenye jani la mgomba zikapikwa kwa mvuke, zimetulia, mawese yamo ndani ila haikaangwi, nadhani hata ni bora kwa asiyezoea maana tumbo linaweza kukusumbua usiku. Bia yao inakuja baridi kweli kweli, inaendana. Beba hela taslimu, na shati jeupe waachie baiana.