Diski kubwa haiongezi nafasi ya modi: uzoefu wangu na PS4 na kompyuta hapa Mtwara

Swali hili nalisikia kila nikipita kwenye mabanda ya gemu ya Chikongola: "Kaka, nikichomeka diski ya nje ya TB 2 kwenye PS4, si nitajaza modi mpaka basi?" Hapana. Diski hiyo itakubebea gemu, na PS4 inakubali hata ya TB 8, lakini nafasi ya modi, yaani nyongeza wanazotengeneza wachezaji ili kubadilisha gemu, haitoki kwenye diski. Inapangwa na gemu yenyewe kwa masharti ya kampuni inayotengeneza mashine. Gemu ya Skyrim Special Edition ya 2016 inakupa GB 1 ya modi kwenye PS4 na GB 5 kwenye Xbox One. Fallout 4 ni MB 900 kwa PS4 na GB 2 kwa Xbox One. Ukiwa na diski tupu kabisa au umebakiza GB 10 tu, kiwango ni kilekile.

Mimi natumia mashine mbili: PS4 Slim ya GB 500, na kompyuta ya mezani iliyotumika, niliyoiagiza Kariakoo ikaletwa na basi. Ina ramu ya GB 16 na kadi ya michoro ya GTX 1050 Ti yenye GB 4. Siyo ya kutisha.

Nianze na Skyrim kwenye PS4, maana hapo ndipo watu wanaumia bila kujua sababu. Tatizo kubwa wala siyo hiyo GB 1. Modi ya PS4 hairuhusiwi kuja na kitu chake: si picha mpya, si sauti mpya, si umbo jipya la upanga. Inapangua na kupanga vilivyomo kwenye gemu tu, kama fundi aliyeambiwa akupambie sebule kwa samani zilezile za ndani. Kwa hiyo utapata miti mingi zaidi, maadui wagumu zaidi, nyumba mpya iliyojengwa kwa mawe na meza ulizokwisha kuziona. Sura mpya za watu sahau. Modi za namna hii huwa ndogo, na mara nyingi nimeishiwa vya kuchagua kabla sijaishiwa nafasi.

Xbox One inaruhusu vitu kutoka nje, na hapo ndipo hesabu ya nafasi inapobana kweli. Chukua tekscha moja, yaani ile picha inayovishwa juu ya ukuta au jiwe. Ikiwa ya 4096 kwa 4096, hata baada ya kubanwa inakula kama MB 21. GB 5 zote zinaingiza kama 240 hivi, na gemu ina maelfu. Ndiyo maana watengenezaji wa modi za Xbox huzipunguza mpaka 1024 kwa 1024, ambayo inakula sehemu moja ya kumi na sita tu. Jamaa yangu wa Lindi mjini mwenye Xbox One ana kero nyingine: anafuta modi, lakini mashine inaendelea kuhesabu kwamba zipo. Nafasi hewa. Dawa yake ni kufuta eneo lote lililotengwa kwa ajili ya modi, kisha kushusha upya kila kitu.

Na kushusha upya kwetu huku ni bando. Modi za Skyrim za konsoli, yaani mashine za gemu kama PS4 na Xbox, zinashushwa na konsoli yenyewe kupitia akaunti ya Bethesda, wenye Skyrim. Huwezi kuzileta kwa flashi. Kwenye kompyuta faili ni faili: mtu anakuja kutoka Dar na diski yake, mnakaa jioni moja Shangani mnakopiana, kesho yake unacheza. Kwa mtu wa Mtwara, sababu hiyo peke yake inaipa kompyuta ushindi kabla hatujafika kwenye ubora wa picha.

Ila ukiwa mtu wa mpira, usikimbilie kuuza PS4. Gemu ya mpira ya PES 2021 kwenye PS4 inapokea picha kutoka kwenye flashi. Unatengeneza jezi na nembo kama picha za PNG, unaziweka kwenye folda iitwayo WEPES, unachomeka, unaingia sehemu ya Edit na kuziingiza. Mwenye Xbox One mlango huo amefungiwa. Gemu haina Ligi Kuu yetu, na timu mpya huwezi kuongeza, unabadilisha zilizopo. Nimechukua timu za kubuni za PEU League nikazigeuza Simba, Yanga, Namungo ya Ruangwa na Ndanda yetu. Ndanda ilishuka daraja 2020. Kwangu haijashuka wala haitashuka.

Mipaka inaonekana ukitaka zaidi ya jezi. Jina la uwanja unaweza kulibadilisha, umbo lake hapana. Ndiyo maana Nangwanda Sijaona yangu ina paa kubwa na majukwaa ya Ulaya, na mtangazaji anaongea Kiingereza chake vilevile. Kwenye kompyuta, PES 2021 ileile inafungua faili zake za CPK, zinazobeba vitu vya gemu: unabadilisha uwanja, ubao wa matokeo, mabango, hata sauti ya mtangazaji. Pachi kubwa inaweza kula makumi ya GB, na hapo sasa ukubwa wa diski ndio unaofanya kazi.

Wanaosema kompyuta haina mipaka hawajakaa nayo. Kadi yangu ya GB 4 ikijazwa tekscha za 4K, zile za 4096, Skyrim inaanza kukwamakwama ukiingia mjini. Faili za modi za kawaida zina ukomo wa 254 kwa pamoja, isipokuwa zile nyepesi za ESL, ambazo zinafika 4096. Halafu kuna SKSE, programu inayozipa modi uwezo ambao gemu haikuzaliwa nao. SkyUI, ile menyu nzuri, haiendi bila hiyo. Konsoli haiipokei kabisa, kwa sababu haiendeshi programu ambayo kampuni yake haijaipitisha. Lakini SKSE inafungamana na toleo maalumu la gemu. Sasisho la Desemba 2023 lilipokuja, modi nyingi zinazoitegemea zilikufa mpaka watengenezaji walipotoa matoleo mapya. Tangu hapo nimeiwekea Steam, programu inayonishushia na kusasisha gemu, isisasishe mpaka nifungue gemu, na gemu nafungua kupitia SKSE moja kwa moja. PS4 hainisumbui hivyo: modi inakubali au inakataa, basi.

Hewa ya chumvi na umeme vinaumiza mashine zote mbili. Nunua UPS, safisha feni.

Kwa mwanafunzi mwenye hela ya kitu kimoja, anayecheza mpira na wenzake sebuleni, ningemwambia PS4 na CD ya PES 2021. Anayetaka Skyrim yenye sura mpya na asiwe na PS4 tayari, asubiri hela ya korosho atafute kompyuta yenye kadi ya GB 6 kwenda juu. Na kama kuna mtu ametengeneza uwanja wa Nangwanda Sijaona wa PES 2021 kwa kompyuta, naufuata kwa flashi hata ukiwa Masasi.