Stika za boti yetu hapa Katonga, Kigoma: za kwanza zilinywea, za pili bado zipo

Boti yetu ya dagaa inaitwa Subira, na jina hilo nimelilipia mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 2023. Niliingia duka moja la stika hapa mjini Kigoma, nikachagua herufi nyekundu, nikazibandika mwenyewe siku hiyo hiyo. Boti ilikuwa na wiki moja tu tangu ipakwe rangi ya mafuta, na niliifuta kwa petroli nikiamini inang'arisha kuliko sabuni. Mwezi haujaisha vikatokea viputo. Baadaye kila herufi ikanywea, ikaacha mstari wa gundi pembeni ulionasa uchafu mweusi. Nyekundu nayo ilipauka ikawa rangi ya tofali. Kilichoniuma zaidi ni namba ya usajili: tarakimu moja ilibanduka, na namba isiyosomeka ni tatizo ukikutana na doria ziwani.

Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, tuliipandisha boti nchi kavu, tukapiga msasa, tukapaka upya. Safari hii nilimfuata fundi wa mabango kule Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini. Swali lake la kwanza halikuwa la bei.

“Kaka, rangi imepakwa lini?”

“Ina siku tisa, fundi.”

“Basi rudi mwezi ujao. Rangi ya mafuta ikiwa mbichi bado inatoa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoinua stika.”

Nilirudi mwezi uliofuata, naye akanieleza jambo ambalo duka la kwanza halikunigusia kabisa. Stika ziko za namna mbili. Ile ya kawaida plastiki yake hukandamizwa kati ya roli za moto mpaka itandazike. Kwa kuwa ilivutwa kwa nguvu, ikipigwa na jua inataka kurudi ilivyokuwa, ndiyo maana zangu zilinywea. Nyingine, wenyewe wanaiita kasti, humiminwa ikiwa majimaji kisha ikakaushwa. Haikuvutwa popote, kwa hiyo haina pa kurudi. Ni nyembamba, kama mikroni 50, inalala juu ya kichwa cha msumari na kwenye mkunjo bila kugoma. Bei yake ilikuwa karibu mara tatu, tena ilibidi tusubiri iletwe kutoka Dar. Mjomba alinung'unika sana, mimi nikalipa.

Kabla ya kubandika, fundi alikandamiza kipande cha selotepu ngumu kwenye rangi akakivuta ghafla. Kwenye ubao mmoja rangi ilitoka nayo. Akasema hapo hata stika ya dhahabu ingeanguka, maana stika hushika rangi, na rangi isiposhika mbao kazi imeisha. Ubao huo tuliukwangua na kuupaka tena, tukasubiri tena. Siku yenyewe tulianza saa mbili asubuhi, umande umekauka na mbao hazijachemka. Tuliosha kwa sabuni, tukasuuza, tukafuta kwa spiriti. Hakutumia maji kubandikia, alibandika kavu, akisukuma kwa kibao cha plastiki kutoka katikati kwenda pembeni, halafu akapitisha hewa ya moto kwenye maungio ya mbao na kukandamiza tena. Pembe zote za herufi alizikata mviringo, kwa sababu pembe kali ndiyo inayoanza kuinuka. Mikia myembamba niliyoipenda kwenye mwandiko wa kwanza aliikataa.

Jina tulilihamishia mbele, juu kabisa ya mstari wa maji, mbali na pale nyavu zinapovutwa. Ushauri huo wa mahali naona ulifanya kazi sawa na stika yenyewe, kwani nyavu zikisugua kila usiku hakuna gundi itakayovumilia. Rangi tulichagua nyeusi juu ya nyeupe.

Mvua za msimu mzima zimepita, na jua la ziwani ambalo hukupiga toka juu na toka majini. Herufi za ubavuni zote zipo, isipokuwa R ambayo imeinuka kidogo juu ya ungio la mbao. Kwenye kifuniko cha mashine, kilichojaa mikunjo, stika imekaa utadhani imepakwa.

Palipotushinda ni kwenye maboya ya madumu. Nilibaki na kipande cha kasti nikataka kuyaandika jina, fundi akanikataza: plastiki ile ya madumu haikubali gundi ya stika kama hizi. Nilijaribu hata hivyo. Siku ya nne herufi zilikuwa zinaelea peke yake. Sasa madumu tunayaandika kwa ncha ya chuma cha moto, tena yale ya maji tu, yaliyowahi kubeba petroli hatuyagusi.