Karakana ya ala za kupuliza, Makupa, Mombasa: klarineti ya besi isiyopanda juu

Fundi wa hapa hakimbilii kubadilisha pedi zote (vifuniko laini vya matundu), na hilo peke yake ni sifa. Kwanza anapima sauti zinapovunjikia, kutoka re kwenda mi ya rejista (eneo la sauti) ya juu. Ki ya rejista (kibonyezo cha kupandisha sauti, chenye matundu mawili) ikiwa imebonyezwa, anainua kidole cha pete cha kulia: tundu la chini lazima lizibe papo hapo na la shingoni lifunguke. Yakiachama yote mawili, noti hukoroma au huanguka chini. Mara nyingi kosa ni koki (kipande cha gome laini) iliyobanduka kwenye kiungo cha mtambo, au shingo imegeuzwa kidogo tu isikutane na wenzo wake.

Matundu anayasafisha kwa uzi wa pamba. Waya hagusi, maana tundu likipanuka halirudi. Pedi anazipima kwa kipande cha karatasi ya sigara, ukingo kwa ukingo, pamoja na kitundu kidogo cha kidole cha shahada kinachosaidia noti za juu kabisa. Springi zilizoota kutu (chumvi ya Pwani haina huruma) anazibadilisha.

Dosari: koki mpya ya shingo huiacha nene. Usikubali kuisukuma kwa nguvu, utapinda mtambo uliotoka kurekebishwa. Mwambie aipige msasa. Mianzi (ulimi unaotetema mdomoni mwa ala) ya besi hauzi, njoo na wako laini, namba 2 au 2½. Wa saksafoni ya tena (tenor) unaweza kukusitiri kwa majaribio.