Sahani ya buluu niliyoinunua Makoroboi

Nimekaa nayo miezi mitatu, sasa naweza kuisemea. Ni sahani pana ya Kituruki, ya mtindo wa kale wa Iznik: buluu na nyeupe tupu, hakuna nyekundu wala kijani. Duka la vyombo pale Makoroboi, hapa Mwanza, walitaka 120,000, tukapatana 90,000.

Kijana wa dukani, mwenye adabu zake, akaniambia, "Mama, hii ni kauri ya Kichina." Nikaigeuza. Kwenye kitako, pale tabaka la kioo lisipofika, udongo una chembechembe za mchanga. Kauri ya Kichina, ile ya udongo mweupe laini uliochomwa kwa moto mkali sana, ukiigonga kwa ukucha inalia kama kengele. Hii sauti yake nzito, si kauri.

Kwangu hiyo si kasoro, ndiyo asili yake. Iznik ni mji wa ufukweni mwa ziwa, kama wetu. Mwishoni mwa karne ya 15 mafundi wake walivitamani vyombo vya Kichina vilivyopendwa na masultani wa Istanbul, ila siri ya kauri hawakuwa nayo. Wakasaga mawe ya kwatsi, wakachanganya na unga wa kioo na udongo mweupe, wakapaka weupe juu, wakachora kwa kobalti, madini yanayotoa buluu, kisha wakafunika kwa kioo angavu. Mimi bibi yangu alifinyanga vyungu, najua jasho la kutafuta udongo unaokubali moto. Nawavulia kofia!

Michoro imejaa, buluu imekolea, kama kazi za awali zinazoitwa kwa jina la Baba Nakkaş, mchoraji wa jumba la Sultani Mehmed II. Katikati kuna ua la lotasi lililotoka kwa Wachina, linafanana na yungiyungi la ziwani kwetu. Pengine mstari ni mnene, pengine mwembamba. Mkono wa mtu huo, si stika.

Lililoniudhi: vyombo vya kale vya Iznik kioo chake kilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na ndimu huitoa risasi ikaingia kwenye chakula. Nikauliza hii ikoje. Nimeshalipa ndipo naambiwa, "Ya kuangalia tu, mama." Lebo hakuna. Hayo husemwa kabla ya pesa kutoka! Basi imetundikwa ukutani mgahawani kwangu Kirumba, na sato wanaandaliwa kwenye sahani nyingine.

Niliziacha mbili dukani. Yenye ufa mwembamba chini ya ukingo msiichukue.